Kilima Asichokipanda Kamaldine

Ukikaa Kasongo hata mwaka mmoja tu, lazima utakuwa umepishana na Kamaldine njiani. Ni yule bwana mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma na suruali iliyokunjwa mpaka chini kidogo ya magoti, anayetembea kwa haraka utadhani kuna mtu anamwita mbele. Pikipiki hapandi. Vijana wa pikipiki walishachoka kumpigia honi, siku hizi wanampungia mkono tu na kupita zao. Miaka yote tunamjua hivyo, na ingekuwa ni hilo tu, nisingeona haja ya kushika kalamu.

Kazi yake ni kupima ardhi. Alianza akiwa kijana, mshika mnyororo wa kupimia katika ofisi ya viwanja. Mwenzake anashika ncha moja, yeye anashika nyingine, wanavuta, wanapigilia kigingi, majirani wanagombana, kigingi kinang'olewa, wanaanza upya. Humo ndimo alimojifunza kitu ambacho hakuna shule iliyomfundisha: miguu yake ilijua mteremko. Siku moja wenzake walimfunga kitambaa machoni, wakamtembeza nyuma ya soko huku wakimwuliza, tunapanda au tunashuka? Alijibu sawasawa kila mara, hata pale ambapo wao wenyewe, wenye macho yao mawili mawili, walikuwa wanabishana. Walicheka sana. Yeye akawaambia kwamba hapo hakuna uchawi, ni pumzi tu. Mtu akipanda hata kidogo, pumzi inajua kabla ya kichwa. Alijivunia jambo hilo, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Nyumbani alikuwa na mkewe Subira, muuza vitenge, mzaliwa wa Nyangwe, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Rachida. Mmoja tu, katika mji ambao mwenye watoto watano anaonewa huruma. Ndugu walimshauri Kamaldine aongeze mke. Akawasikiliza kwa adabu, akawamiminia chai, na habari ikaishia hapo. Rachida akiwa mdogo alikuwa anamfuata baba yake hadi kona ya barabara kila asubuhi akihesabu hatua kwa sauti, na alipokosea hesabu baba alirudi mpaka mlangoni ili waanze tena. Ofisini alifika amechelewa, na hakuona haya kueleza sababu.

Kisha ukaja mradi wa ramani. Huko mji mkuu walikuwa wamepata data za mwinuko za nchi nzima. Yaani chombo kilipita angani kikirusha mawimbi ya rada chini, na kila baada ya mita thelathini kikaandika nambari moja: hapa ardhi imeinuka mita mia sita na kumi kutoka usawa wa bahari, hapa mia sita na kumi na mbili, hivyo hivyo mpaka nchi yote ikajaa nambari. Ukiziingiza kwenye kompyuta, milima inasimama, mabonde yanalala, na unauona mkoa wetu wote wa Maniema bila kutoka jasho. Ni jambo zuri, simkebehi mtu. Lakini rada ile ilikuwa na udhaifu mmoja, na wakubwa wa mradi waliutaja wazi siku ya mafunzo: penye msitu mnene haifiki chini. Inagonga vichwa vya miti na kurudi, na urefu wa miti unahesabiwa kuwa ni ardhi.

Ndiyo maana walihitaji watu wa miguu. Mpima anapewa orodha ya nukta, anakwenda kwenye kila nukta na chombo cha jipiesi kinachosoma mwinuko, anasimama palepale, anangoja chombo kitulie, anaandika nambari ya pale chini. Nambari ya angani na nambari ya mguu zikitofautiana, ofisi inarekebisha ramani. Zikikubaliana, hakuna anayeuliza tena.

Kamaldine alipewa nukta sitini, kuanzia Kasongo hadi ng'ambo ya Wamaza, upande wa Kabambare. Alifurahi kama mtoto. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye alifunga huku akitembea, akiongozwa na mkulima mmoja wa Wamaza aitwaye Pitchou, Mkristo, baba wa watoto wanane, ambaye kila mchana alijificha nyuma ya mti kula mihogo yake ili asimtamanishe mwenziwe. Nukta arobaini na sita walizimaliza bila kuruka hata moja. Walivuka vijito vya kifuani, wakalala kwenye vibanda vya mashamba, na jioni Kamaldine alikagua karatasi zake mstari kwa mstari.

Nukta ya arobaini na saba ilikuwa ndani ya msitu mmoja mkubwa, si mbali na barabara. Walipofika ukingoni, Pitchou akasimama. Makuti mabichi ya mchikichi yalikuwa yamefungwa kukatiza njia, kutoka mti huu hadi ule.

"Tusimame hapa, mukubwa," Pitchou alisema. "Watoto iko mu jando. Mutu hapiti."

"Dakika kumi tu, Pitchou. Naingia, chombo kinasoma, natoka."

"Wewe ulitahiriwa mu mji, ku dispensaire. Hii jando ya hapa haukupita. Ukiingia, ni mimi wazee watauliza, na mimi niko na watoto munane hapa hapa. Ungoje siku ine tu. Watafungua njia, tutaingia bila maneno."

Siku nne! Na Idi ilikuwa baada ya siku tatu. Nyumbani Subira alikuwa ameshanunua mchele. Rachida alikuwa ameposwa na Abdoul, mfanyabiashara wa Lusangi, na ndoa ilikuwa wiki moja baada ya Idi. Ndiyo ilikuwa Idi yake ya mwisho kulala nyumbani kwa baba yake. Kamaldine alisimama mbele ya yale makuti akiyatazama. Chombo chake kilisema kwamba pale ukingoni ni mita mia sita thelathini na moja. Orodha ilisema kwamba rada imeona mia sita arobaini na sita kule ndani. Akainua macho: miti ilikuwa mirefu, imebanana, na ukiitazama kutoka nje unaweza kabisa kuapa kwamba kuna kilima chini yake.

Karatasi ilikuwa na nafasi ya kuandika kwamba nukta haikufikiwa. Lakini nukta isiyofikiwa humrudisha mpima baadaye, na baadaye ndiyo ilikuwa ndoa. Basi akaandika mia sita arobaini na tano. Alipunguza mita moja, ili ionekane kwamba mtu alipima. Hizo nyingine kumi na tatu, zilizokuwa kwenye njia ya kurudi Kasongo, walizikimbiza kwa siku mbili, na usiku wa kuamkia sikukuu Kamaldine akawa nyumbani.

Nani hapa hajawahi kufanya hivyo? Mwalimu anaweka alama bila kusoma daftari, muuguzi anaandika joto la mgonjwa aliyelala. Ninamkasirikia Kamaldine, tena sana, lakini nikianza kumtukana nasikia jina langu mwenyewe.

Rachida aliolewa, akaenda Lusangi, akazaa mtoto wa kike wakamwita Mwamini. Ramani ikatoka. Nakala moja ilibandikwa ukutani katika ofisi ya wilaya, yenye rangi ya kijani mabondeni na ya kahawia milimani, na Kamaldine alipenda kupita pale akawaonyesha watu kwa kidole: hapa nilifika, na hapa, na hapa. Nukta ya arobaini na saba ilikuwa kidoa cha kahawia, kilima kidogo cha duara chenye umbo zuri. Mara chache za kwanza kidole chake kiliruka pale. Baadaye kilisahau kuruka.

Miaka mitano ikapita. Watu wenye silaha wakaanza kusumbua upande wa Lusangi, na familia zikamiminika barabarani na magodoro kichwani. Wakubwa wa eneo pamoja na shirika moja la misaada wakatafuta mahali pa kuwaweka. Wakafungua ramani. Wakaona kilima kidogo karibu na barabara, karibu na kijito lakini juu yake, hakina shamba la mtu. Jando lilikuwa limehamishwa mbali kwa sababu ya vurugu, na chifu akakubali miti ikatwe, kwani wakimbizi nao ni watu na lazima walale mahali.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, na Kamaldine aliitwa kama mjuzi wa ramani. Mwanamke mmoja mzee wa pale, Mama Victorine, akasimama kati ya madawati.

"Mimi nilizaliwa hapa," alisema. "Wakati ya mvua mayi inajaa mule. Siye wanamuke tulikuwa tunaokota kambare mu mizizi ya miti. Mutaweka watu mu mayi?"

Mtu wa shirika akamgeukia Kamaldine. Hapo, ndugu zangu, palikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitakiwa, "sikufika," na aibu yake ingedumu wiki mbili. Lakini alikuwa amevaa shati lake jeupe, na watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mama, heshima yako," Kamaldine alijibu. "Carte inasema mule iko mia sita na makumi ine na tano. Hapa ku barabara tuko mia sita na makumi tatu na moja. Mayi haipandage kilima."

"Kilima gani?" Mama Victorine aliuliza, na kweli alikuwa anauliza. Watu wakacheka. Walimcheka yeye.

Miti ikaanguka, makaa yakachomwa, viwanja vikagawanywa. Na katika wale waliokuja na magodoro yao walikuwamo Abdoul, Rachida na Mwamini. Kamaldine alitaka waje Kasongo, lakini Abdoul alikuwa na wateja wake huko na alitumaini kwamba Lusangi itatulia. Rachida akampigia simu baba yake.

"Papa, wanatuuliza tuchague parcelle. Tuchague wapi?"

Kamaldine alifumba macho, akaiona ramani ile. "Katikati, mutoto wangu. Katikati ndiyo iko juu kabisa."

Bila shaka ilionekana juu. Miti mirefu kuliko yote huota penye maji mengi kuliko pote. Rachida alichukua kiwanja cha katikati, akajengewa nyumba ya matofali mabichi, akapanda mchicha pembeni. Mwezi wao wa pili pale akapiga simu tena. Walizungumza habari za Mwamini, za bei ya mafuta ya mawese, kisha akasema:

"Papa, hapa ni kama tunashuka. Nikienda ku barabara, napanda. Nikirudi na bidon, nashuka."

"Umechoka, Rachida. Umebeba mayi, umebeba mutoto, miguu inakudanganya."

Yeye, Kamaldine, kwa kinywa chake, alimwambia binti yake kwamba miguu inadanganya. Mvua za kwanza zilipoanza, Rachida aliligusia tena jambo hilo, kwa kusitasita kama mtu anayeogopa kumkosea baba yake adabu, na baba akampa jibu lile lile. Hakuligusia tena.

Mwezi wao wa saba pale, mvua ilinyesha siku mbili bila kukata. Asubuhi ya siku ya tatu kijito kilitoka kwenye njia yake na kuteremka, nasema kuteremka, mpaka katikati ya kijiji. Abdoul alikuwa Kasongo kufuata bidhaa. Rachida alimtoa Mwamini dirishani, akamkabidhi jirani yake Esther-Divine aliyekuwa na maji kifuani, na alipogeuka ili apitie mlangoni, ukuta wa matofali mabichi ukalegea na kumwangukia. Kijiji kile kilizika watu kumi na mmoja. Mimi ninamjua mmoja tu, na huyo ananitosha kulia.

Kamaldine alitembea siku mbili kwenda Wamaza. Alikuta Rachida ameshazikwa. Aliomba dua kaburini, kisha akaenda kijijini peke yake, na chombo cha jipiesi mkononi. Barabarani alifumba macho akaanza kutembea. Hakuhitaji hatua hamsini. Pumzi yake ilikuwa nyepesi, magoti yalikuwa yanatangulia mbele, na alishuka hivyo, amefumba macho, mpaka tope lilipomfika kwenye vifundo vya miguu. Alisimama palipokuwa nyumba ya binti yake, akangoja chombo kitulie. Mita mia sita ishirini na nne. Akakaa chini kwenye tope lile na kulia kwa sauti, mtu mzima, mpaka Esther-Divine akaja kumwinua.

Ofisi ya ramani aliiandikia wiki ile ile, akaeleza kila kitu. Kijana mmoja akajibu kwa ujumbe mfupi: wanamshukuru, nukta ya arobaini na saba imesahihishwa, kilima kimeondolewa. Kwa ofisi ilikuwa rahisi namna hiyo.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mwamini aliletwa Kasongo, akazoea kulala mapajani pa babu yake mchana, na bila babu halali. Watu walikuja kutoa pole siku baada ya siku, na kila mmoja alisema kwamba ni kudra ya Mungu. Abdoul aliwaambia wageni kwamba baba mkwe wake alikuwa amewatafutia mahali pazuri kuliko pote, ila Mungu akapanga yake. Kamaldine alisikia hayo, akaitikia amina. Alijua kwamba akisema, huenda Subira asimtazame tena, na mtoto huyu mmoja aliyebaki akaondoka naye. Alijua pia kwamba asiposema, ataendelea kumsingizia Mungu mpaka kaburini. Alihesabu siku thelathini na tisa hivyo.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wageni walipokwisha kuondoka na masufuria yameoshwa, Subira alikaa kwenye mkeka uani. Jua lilikuwa bado kali. Kamaldine alikuwa kwenye kiti kifupi, Mwamini amelala mapajani pake.

"Mama Rachida," alisema, "kile kilima hakikuwako."

Akamweleza. Makuti yaliyofunga njia, siku nne, Idi, nambari aliyoitunga, shati jeupe na Mama Victorine. Hakujitetea. Subira alimsikiliza akiwa ameshika ukingo wa mkeka, akichomoa uzi mmoja mmoja.

"Uliandika uongo ili ukuje kula Idi na mutoto wako," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Wangapi wanaandika uongo." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa tulivu. "Ile Idi mimi nilifurahi sana. Ulikuja na vumbi mpaka mu nyusi, Rachida akakucheka. Siwezi kukuhukumu kwa ile, Baba Rachida. Haukujua kama watu watakuja kukaa pale. Mungu atakusamehe, na mimi vile vile."

Kamaldine alifunika uso kwa mkono mmoja. Kwa siku arobaini hakuwa amevuta pumzi ndefu kama aliyoivuta wakati ule. Alianza kumshukuru, lakini Subira alikuwa bado anafikiri.

"Sasa mimi kitu kimoja sielewi," alisema. "Alikaa pale myezi saba. Rachida yangu, na akili yake ile. Hakuona kama iko mu shimo?"

Angeweza kusema hakuona. Nani angemkatalia? Mwenye kumkatalia alikuwa Wamaza, chini ya udongo.

"Aliona," Kamaldine alisema.

"Alikuambia?"

"Aliniambia. Mara mbili."

"Na wewe ukamujibu nini?"

Kamaldine alimtazama mtoto aliyelala, kisha akamtazama mkewe. "Nikamujibu: umechoka, miguu inakudanganya."

Subira aliachia ukingo wa mkeka. Kisha akasimama, akajifunga kitenge vizuri, akaja mpaka kwenye kiti, akainama na kumchukua Mwamini kutoka mapajani pake, taratibu ili asiamke. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, bibi na mjukuu walipanda pikipiki kwenda kwao Nyangwe.